Msingi Ulioachwa Juani

Ibra, Alkhamisi, katikati ya Julai 1982

Joto la leo limeamka kabla yangu. Adhana ya alfajiri inasikika na ukuta wa chumba cha mama tayari una vuguvugu, utafikiri usiku haukupita. Hakuna wingu, upepo ni wa vumbi, na mimi sina hali.

Naandika nimekaa kwenye kizingiti cha jiko, alasiri imeshapita, kwa sababu hapa ndipo penye kivuli. Kucha zangu zimejaa saruji. Goti moja limechunika. Kwenye nywele nimetoa punje nyeupe ambazo nitazieleza zamu yake ikifika.

Niseme jambo lenyewe kwanza, nisije nikachoka kabla sijalifikia. Mama yangu anataka kuhama nyumba tuliyomjengea. Kesho baada ya sala ya Ijumaa kaka yangu Nasoro atafika na gari kutoka Maskati kumchukua, akakae naye katika fleti yake. Sanduku la bati, lile tulilotoka nalo Unguja, liko mlangoni tangu jana. Limefungwa kamba kwa fundo analolijua yeye tu.

Sababu aliyoitoa ni moja: sakafu inamuunguza.

Na hakusema uongo. Inaunguza kweli.

Tulihamia hapa wakati wa baridi, na wakati wa baridi nyumba hii ilikuwa pepo ndogo. Kabla yake, tangu turudi kutoka Unguja (ndivyo watu wanavyosema, turudi, ingawa mimi nilikuwa sijapata kuiona Ibra hata kwa picha), tuliishi kwa ami yangu katika mji wa zamani. Nyumba yake ni ya udongo, kuta nene, giza na baridi hata mwezi wa saba. Ami ni mtu mwema na mkewe ni mtu mwema. Lakini mama alikuwa haweki sufuria motoni kabla ya kutazama kama mwenye jiko kamaliza. Miaka yote ile. Nilipoanza kusomesha Kiingereza skuli ya wasichana, na hata nilipoolewa, nia yangu ilikuwa moja tu, mama aweke sufuria yake motoni bila ya kumtazama mtu.

Tukapata kiwanja nje ya mji, kwenye barabara inayokwenda Al Qabil. Tukajenga.

Sasa makosa. Tuliyafanya sote watatu, kwa furaha kubwa, mimi, mama na mume wangu Khalfan.

La kwanza ni msingi. Sisi nyumba tunayoiita nyumba ni ile yenye ngazi. Unguja msingi unainuliwa ili sakafu isinyonye maji ya masika, na nyumba iliyokaa chini, usawa wa njia, watu huitazama kwa jicho la huruma. Mkandarasi alituuliza kama tuna hakika. Khalfan akamwambia ainue. Mama akasema, inua tena kidogo. Ngazi nilizichora mimi mwenyewe kwa rula ya skuli. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba huku masika hayapo. Mvua ikija inakuja mara moja, inapita na wadi yake, lile bonde kavu, inakwenda zake.

La pili ni chumba. Mama alichagua kile kinachoelekea kibla, kama alivyokuwa na chumba chake kule. Lakini Unguja kibla iko kaskazini. Huku iko magharibi, jua linakotua. Akitandika mswala wake anaelekea Makka, na jua nalo linamwelekea yeye.

Basi msingi ukafika kiunoni mwangu. Ndani wakajaza kifusi, juu ya kifusi wakamwaga zege, na nje matofali ya saruji yakaachwa juani na kipako chembamba cha plasta. Adhuhuri ikishapita jua linaupata ukuta ule na haliuachi mpaka linazama. Ukuta unakipa kifusi, kifusi kinaipa sakafu, na sakafu inakaa na moto wake usiku kucha. Mwezi wa tano tulidhani ni mzaha. Mwezi wa sita mama alianza kusali ukumbini.

Angekuwa mtu mwengine, angepanda kitandani akamaliza. Kitanda tulimnunulia, kizuri, na godoro lake bado lina nailoni. Mama ni mtu wa sakafu. Analala mkekani, anachagua mchele sakafuni, anashona sakafuni, mguu mmoja kaunyoosha na mmoja kaukunja. Kiyoyozi hakitaki, anasema kinamwingia begani. Njia yake ya kupoza chumba ni kupiga deki, kama alivyozoea. Akamwaga ndoo ya maji kwenye sakafu ile, mvuke ukanyanyuka, chumba kikawa kama cha mtu anayefukizwa kwa homa. Alitoka na ndoo yake, na mimi nikajifanya nafua.

Dawa aliileta Khalfan. Anafanya kazi kambi ya mafuta, jangwani, anakuja nyumbani wiki moja na kutoweka wiki kadhaa. Huko aliona nyumba za wafanyakazi zinavyokingwa joto, akauliza, akaelezwa. Tatizo letu si paa wala dirisha, ni ule msingi uliotoka nje ya ardhi. Lazima uvishwe kwa nje, jua lisiyafikie matofali. Akarudi na pikapu limejaa mabamba ya kile kitu cheupe, chepesi, kinachokuja kimelizunguka friji jipya ndani ya boksi. Fundi wetu Bashir, ambaye ni mtu wa Karachi, anakiita tharmakoli, nasi tukafuata.

Khalfan alinieleza kazi yote kabla hajaondoka juzi. Unachimba mtaro kandokando ya ukuta, maana jua linapasha hata udongo wa juu. Unaufagia ukuta vumbi lote. Unabandika tharmakoli kwa gundi tangu ndani ya mtaro mpaka usawa wa sakafu. Juu yake unatandaza wavu wa waya, unaukaza kwa misumari, kisha unapiga plasta ya saruji. Na plasta ipigwe siku ile ile, alilisema hilo mara nyingi, kwa sababu tharmakoli ikiachwa wazi jua linaila, inakuwa manjano na kuvunjika vunjika.

Akanibusu kichwani akaenda zake jangwani, akaniachia fundi, ukuta na mama. Watoto tulikwisha kuwapeleka Nizwa kwa shangazi yao wakapumue.

Jana tulichimba. Nasema tulichimba kwa sababu na mimi nilishika koleo, nimejifunga kanga kiunoni na nyingine kichwani, mbele ya watoto wangu wa skuli waliopita njiani wakanisalimia kwa Kiingereza. Udongo wote uliotoka mtaroni tuliurundika pale pale, kwa urefu wa ukuta.

Leo Bashir alifika alfajiri. Asubuhi upande ule wa magharibi una kivuli, na kazi ilikwenda vizuri hata nikaanza kuimba. Tharmakoli yote ikakaa. Ukuta mzima ukawa mweupe, safi, nikausogelea na kuubonyeza kwa kidole kama keki. Wavu ukawekwa, plasta ikaanzia upande wa ukumbi kuja upande wa chumba cha mama.

Ilipofika katikati, wavu ukaisha.

Bashir akaniambia duka lenye wavu limefunga, leo Alkhamisi, kesho Ijumaa, yeye atarudi Jumamosi inshallah. Hata wakati wa kahawa ya asubuhi ulikuwa bado. Nilimwambia maneno kwa Kiarabu, na Kiarabu kilipokwisha nikaendelea kwa Kiswahili. Aliniachia nimalize, akaosha vyombo vyake, akaniaga kwa adabu. Ana haki yake ya mapumziko, najua. Lakini alichokiacha wazi ni chumba cha mama, hasa kile kipande chake, na mama anaondoka kesho.

Nilikuwa nimejipangia hivi: plasta imalizike leo, jua la mchana lisipite, usiku sakafu ianze kupungua moto, na kesho Nasoro akifika mama awe amekwisha kulala usiku mmoja wa raha. Usiku mmoja tu ungetosha. Hatuna simu humu ya kumwambia Nasoro angoje.

Nikaingia ndani kunawa uso. Nikakaa kidogo kwenye kiti. Nakiri, nilifumba macho.

Niliporudi nje, mbuzi walikuwa wanakula chumba cha mama.

Ni mbuzi wa Ummu Rashid, jirani wa nyuma, mwanamke mkubwa mwenye sauti anayewaita wanyama wake kwa majina. Walikuwa wamepanda juu ya rundo la udongo na kusimama sawasawa, kila mmoja na kipande chake, wanatafuna tharmakoli wamefumba macho nusu. Ndevu zao zilikuwa nyeupe. Upepo ulikuwa umechukua punje na kuzitapanya uwanja mzima, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye tangi la maji, kila mahala.

Nikachukua ufagio nikawaendea. Walikimbia, mimi nikateleza nikaingia mtaroni. Ndipo goti lilipochunika. Nikabaki mle mle nimekaa, nikalia.

Sikulilia tharmakoli. Nililia kwa sababu nimechoka kushindania kitu ambacho nilidhani nimeshakipata. Nyumba imekwisha, funguo ziko mkononi, jiko lina sufuria zake, na bado mwenyewe haitaki.

Mama alitoka kwenye mlango wa uwani akasimama juu ya ngazi. Akautazama ukuta, akanitazama mimi. Akashuka, akaokota ufagio nilioutupa, akaanza kufagia zile punje taratibu, za hapa anazileta hapa. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikamwambia aache, anafagia ya nini na yeye kesho anakwenda zake, nitafagia mwenyewe, nimezoea. Niliyasema kwa sauti ambayo sijapata kumsemea mama yangu. Hata sasa nikiikumbuka masikio yanapata moto.

Aliendelea kufagia. Kisha akasema, bila kunigeukia:

"Sakafu itapoa, Asya. Isipopoa leo itapoa kesho kutwa, Khalfan si mjinga. Mie siondoki kwa ajili ya sakafu."

Nikamuuliza kwa ajili ya nini basi.

"Kule kwa ami yako nilikuwa mgeni, lakini nilikuwa na watu. Humu tangu tuingie hajapanda mtu ngazi hizi kuja kunijulia hali. Wewe uko skuli, mumeo yuko jangwani. Sasa mie nimsemeshe nani, friji?"

Nimeshinda siku mbili na gundi na koleo, nikiziba joto lisiingie, na kumbe mama alikuwa anahesabu wasioingia.

Alisema sakafu kwa sababu sakafu inaweza kurekebishwa. Nadhani alitaka kunipa kitu cha kufanya.

Ilivyo huku ni hivi. Kabla ya jua kukaa juu, wanawake wa mtaa wanakusanyika kunywa kahawa, leo kwa huyu, kesho kwa yule, tende kwenye sahani, habari zote za mji zinapita hapo. Kwa ami yangu mama alikuwamo, pembeni, kwa Kiarabu chake cha kuokoteza, lakini alikuwamo. Hapa hakuna aliyekuja kwetu na sisi hatukwenda kwa mtu. Unguja mgeni wa mtaa anafuatwa, majirani ndio wanaokuja kwanza na sinia zao, basi tukangoja tufuatwe. Tulipoona kimya tukasema moyoni, wanatudharau, kwao sisi ni Wazinjibari tu. Mimi nililisema hilo hata kwa mdomo, kwa Khalfan, zaidi ya mara moja.

Tulikuwa bado tumenuniana, mama na ufagio wake na mimi na goti langu, Ummu Rashid akatokea na fimbo kuwafuata mbuzi. Alipoona yaliyofanyika akajipiga kofi kifuani. Akaomba radhi kwa Mungu na kwetu. Kisha akaokota kipande cha tharmakoli, akakinusa, akaniuliza kama mbuzi watakufa.

Nikamwambia sijui. Nikamweleza ni nini na kwa nini tumeuvisha ukuta. Alisikiliza, akaweka kiganja chake kwenye tofali lililobaki wazi pale mbuzi walipokula, akakiondoa haraka, moto wa jana ungalimo. Akasema kitu ambacho nimekichukua mpaka sasa. Alisema wao siku zote wanajiuliza kwa nini watu wa nyumba hii wamejenga juu vile. Walidhani ni watu wakubwa wa serikali, wenye mlango uliofungwa na kiyoyozi, hawapendi kusumbuliwa. Shemeji yake siku moja alikuja na kahawa mpaka ngazini, akazihesabu zile ngazi, akaona haya, akarudi.

Akaona haya, akarudi. Birika mkononi.

Nilimtafsiria mama, ingawa nafikiri alikuwa ameshaelewa. Alikuwa amesimama tena kwenye ngazi ya juu kabisa, ameshika ufagio kwa mikono miwili.

Ummu Rashid hakutaka kuondoka na deni la mbuzi wake. Alipiga ukelele kwa nyuma ya ukuta wa ua na wakaja shemeji yake na binti zake wawili, wamebeba mafungu ya makuti makavu ya mtende. Wakayasimamisha kwenye ule upande ulioachwa wazi, wakayaegemeza moja baada ya jingine, mpaka weupe wote ukafichika kwa jua na kwa mbuzi. Mimi na binti mmoja tukaurudisha udongo mtaroni, na uliobaki tukaupandisha ukutani juu ya miguu ya makuti, yasianguke kwa upepo. Ukawa kama tuta refu, chini ya dirisha la mama, mwanzo wake mpaka mwisho.

Kazi ilipokwisha kila mtu alikuwa amechoka. Kivuli kilikuwa bado kipo upande ule. Ummu Rashid akaketi juu ya tuta, wala hakuuliza, na wenzake wakaketi. Binti mmoja akatumwa kwao, akarudi na birika, vikombe na tende. Ilikuwa saa ya kahawa, na kahawa inanyweka popote.

Akanimiminia mimi kwanza. Kisha akainua uso akamtazama mama kule juu.

"Tfaddali, khalti," alimwambia. Karibu, mama mdogo. "Teremka ukae nasi."

Nilitazama chini. Niliogopa nikimtazama ataona ninavyotaka ashuke, na mama yangu mtu akimtaka sana jambo analiacha kwa makusudi.

Nikasikia ufagio ukiegemezwa. Nikasikia kandambili zake, ngazi moja, kisha kimya, kisha nyingine. Alishuka ameshika ukuta, ule ule ukuta wa msingi, kwa upande uliopigwa plasta ambayo bado ilikuwa mbichi. Alama ya kiganja chake imebaki pale. Akaja akaketi juu ya udongo na kanga yake safi, akaunyoosha mguu mmoja na mmoja akaukunja.

Kahawa ya huku inamiminwa kidogo kidogo katika kikombe kisicho na mkono. Ukitosheka unakitikisa kikombe unapokirudisha, na mwenye birika anajua basi. Usipokitikisa anakumiminia tena. Mama anajua hayo kama anavyojua jina lake, kwa ami yangu amekunywa kahawa hiyo miaka na miaka. Siku zote anakunywa kimoja, anatikisa, anashukuru, kama mtu anayechelea kuwamalizia watu kahawa yao.

Leo hakutikisa.

Akamiminiwa, akanywa, akarudisha kikombe kimetulia. Akamiminiwa tena. Huku anawahadithia, kwa Kiarabu kile kile cha kuokoteza, mbuzi mmoja wa jirani yetu Unguja aliyekula godoro la sufi la bibi harusi asubuhi ya harusi. Alipokosa neno alilionyesha kwa mikono. Aliigiza mbuzi, aliigiza bibi harusi, aliigiza mama wa bibi harusi. Ummu Rashid alicheka mpaka akajifuta machozi kwa shela yake. Mimi hadithi ile nilikuwa sijapata kuisikia. Birika lilipokwisha lilikwenda kujazwa, na mama kikombe chake kilikuwa bado hakijatikiswa.

Kivuli kilipokonda waliondoka, huku Ummu Rashid anawatukana mbuzi wake njia nzima.

Mchana jua lilikuja upande wa magharibi kama desturi yake. Baada ya adhuhuri niliingia chumbani kwa mama nikapiga magoti, goti zima na goti bovu, nikaweka viganja sakafuni. Nataka kuandika kwamba palikuwa pamepoa. Hapakuwa. Kifusi kina moto wa miezi ndani yake na hakitautoa kwa siku moja. Upande wa ukumbi, kwenye plasta, nafikiri palikuwa na nafuu, pengine ni mimi tu ninayetaka iwe hivyo. Upande wa dirisha bado huwezi kuacha mkono.

Alasiri mama alisali ukumbini, kama jana.

Nikaja kukaa hapa kizingitini na daftari langu, nimekata tamaa nusu na nusu sijakata. Sanduku nililiona nikipita, kamba yake imekaza vile vile. Nilifikiri, kahawa ya asubuhi moja ni asubuhi moja tu. Mtu hafuti miezi kwa mabirika mawili. Nasoro ana fleti yenye lifti, chini yake wanakaa mabibi wawili kutoka Malindi ya Unguja wanaomjua mama tangu usichana, atasemeshana nao mpaka achoke. Nikajiambia nimwache aende kwa moyo mweupe, nisimwonyeshe uso mbaya mbele ya Nasoro. Nikafanya na mazoezi ya uso.

Hapo niliposema nimefanya mazoezi ya uso ndipo mama alipokuja. Nililifunga daftari, na sasa nalifungua tena kuandika yaliyobaki.

Alisimama nyuma yangu akaniuliza saruji imebaki kiasi gani. Nikamwambia ipo, mifuko haijafunguliwa. Akauliza Bashir anarudi lini. Nikamwambia Jumamosi, inshallah.

"Mwambie akimaliza ukuta asiuache ule udongo vivi hivi. Aushindilie, aujengee matofali mbele, apige na plasta juu. Baraza."

Nikageuka. Akaketi kizingitini kando yangu, akakunja miguu yote miwili, akapiga kofi nafasi iliyobaki mbele yake.

"Upana wake huu. Mtu mzima akunje miguu, na birika likae. Na usawa wa chini, mtu asipande ngazi."

Sikumwambia kwamba baraza pale itaufunika ule ukuta vizuri kuliko plasta peke yake, wala kwamba mbuzi hawataifikia tharmakoli tena. Hayo nitamwandikia Khalfan. Nilimwambia lile lililokuwa limenikaa kooni tangu jana, na lilitoka vibaya.

"Jumamosi wewe utakuwa Maskati, mama."

Alinitoa punje moja nyeupe kwenye nywele, akaitazama, akaipeperusha.

"Jumamosi kahawa ni kwetu," alisema. "Nimeshamwambia Ummu Rashid. Nenda kaniletee kisu, vikombe vyangu vimo ndani ya lile sanduku na fundo limenishinda."

Fundo halikumshinda. Ni fundo lake mwenyewe, amelifunga na kulifungua maisha yake yote.

Nilileta kisu. Sakafu bado ina moto, ukuta bado nusu uko wazi, Nasoro kesho atakuja na gari lake tupu na nitalazimika kumweleza, na mimi nimechoka kuliko siku yoyote ya mwaka huu. Lakini kamba niliikata mimi. Niliikata katikati, kisha kila kipande nikakikata tena, isifae kufungia kitu.